Nani Ameshika Negativi?

Kama umewahi kuhariri video, hata ile ya harusi ya binamu yako, unaujua ule mstari. Unabofya kutoa faili, mstari unaanza kutambaa, feni ya laptopu inanguruma kama matatu inayopanda mlima, na wewe unaomba tu stima isipotee. Ukifika asilimia 100 tunasema filamu imeisha. Mimi nahariri kwa riziki hapa Nairobi, na kadiri ninavyoifuatilia historia ya kazi hii, ndivyo ninavyozidi kulitilia shaka hilo neno "imeisha".

Zamani mhariri hakugusa filamu yenyewe. Alikata na kuunganisha nakala ya kufanyia kazi. Akisharidhika, mtu mwingine, glovu mkononi, aliikata negativi ifuate nakala ile, kisha maabara ikachapa nakala za kupelekwa sinema. Sekunde moja ni fremu 24, kwa hivyo filamu ya dakika 90 ni fremu 129,600. Ukikosea kukata negativi, hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Na hiyo negativi ilikaa wapi? Ousmane Sembène alitengeneza Borom Sarret mwaka 1963, hadithi ya mwendesha mkokoteni wa Dakar. Negativi yake ikahifadhiwa Ufaransa. Filamu ilipokarabatiwa mwaka 2013, miaka 50 baadaye, mafundi walianzia kwenye negativi hiyo hiyo. Inauma kidogo kwamba filamu ya Dakar iliishi mbali na Dakar. Lakini angalau ilikuwepo, na waliojua pa kuitafuta walikuwepo.

Kisha kompyuta zikaingia. Avid ilionyeshwa hadharani mwaka 1989. Diski za wakati huo zilikuwa ndogo, kwa hivyo picha ziliingizwa zikiwa hafifu, za kufanyia maamuzi tu. Kazi ikikamilika, kilichotoka kwenye mashine kwenda kwa mkataji kilikuwa orodha ya namba: kata hapa, unganisha pale. Walter Murch alitumia Avid kwenye The English Patient ya mwaka 1996, filamu ya kwanza iliyohaririwa kidijitali kushinda Oscar ya uhariri. Hata hiyo, nyuma ya kompyuta kulikuwa na negativi.

Wenye katuni ndio walioonja uchungu wa kurenda tunaoujua leo. Kwenye Toy Story ya mwaka 1995, kila fremu ilibidi ipigiwe hesabu na kompyuta: mashine 117, saa 800,000 za mashine, fremu 114,240. Gawanya mwenyewe, ni kama saa 7 kwa fremu moja. Kwa hivyo ukilalamika juu ya dakika zako 40, pole, lakini ngoja tu.

Kwetu mambo yalipitia njia nyingine. Riverwood, iliyopewa jina la River Road, haikusubiri maabara ya mtu. Watu walirekodi kwa kamera za video, wakahariri kwenye vyumba vidogo, wakauza kanda za VHS, halafu VCD na DVD, mkono kwa mkono. Huo ulikuwa uhuru wa kweli, na ulikuwa na bei yake.

Bei ilikuwa kwenye kubana. VCD ilibeba takriban dakika 74 za picha ya nukta 352 kwa 288. Ili picha iingie humo, programu inatupa vitu. Konda akiongea mbele ya ukuta, programu inauhifadhi ukuta mara moja, kisha kwenye fremu zinazofuata inaandika, kwa lugha yake, "ukuta ni ule ule". Halafu inafuta vile vidokezo vidogo inavyodhani jicho halitavikosa. H.264, iliyotoka mwaka 2003 na ambayo bado imejaa kwenye MP4 zetu, inafanya hivyo kwa ujanja zaidi. Lakini kilichotupwa kimetupwa.

Mwaka jana mzee mmoja aliniletea VCD ya filamu ambayo marehemu mkewe aliigiza. Alitaka niitoe ikiwa safi, aionyeshe wajukuu.

"Kijana wangu, si siku hizi kompyuta inafanya kila kitu?"

"Mzee, inaweza kuchora uso mpya juu ya huu. Lakini utakuwa uso wa kubuni, si wa mama."

Akanyamaza. Akaniambia kanda za kamera zilirekodiwa kitu kingine juu yake, na studio ilifungwa kitambo. Nilimpa alichokuwa nacho: nukta 352 kwa 288, zikiwa zimenakiliwa vizuri.

Ndiyo maana nasema ule mstari unatuchanganya. Unapobofya kutoa, wewe ndiye mhariri, ndiye maabara, na bila kuambiwa na mtu, ndiye ghala pia. MP4 ya gigabaiti 5 ni ya kwenda YouTube. Filamu ile ile ya dakika 90 kwa ProRes 422 HQ ya 1080p inapita gigabaiti 100, na hiyo ndiyo iliyo karibu na negativi. Najua diski ni ghali. Najua pia kwamba mteja akishalipa, mkono unawashwa kufuta ili kazi nyingine ipate nafasi.

Mimi siku hizi gharama ya diski naiweka kwenye bei kabla ya kupiga picha hata moja. Diski mbili: moja kwangu, moja kwa mwenye filamu. Ndani yake kuna faili kuu, picha za kamera, sauti peke yake bila muziki, na karatasi ya maandishi ya kawaida inayosema nini kiko wapi. Wateja hulalamika kidogo. Huwa nawauliza ni nani kwenye hiyo filamu ambaye wangependa kumwona tena baada ya miaka 50, na wengi hulipa.