Litowa, shule iliyokuwa na kazi mlangoni

Kuna jambo la nyumbani limenikalisha.

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha nne hapa Songea. Matokeo si mabaya. Mama anataka aende kidato cha tano, yeye anataka VETA akasomee umeme wa magari. Juzi tukiwa tunakula akaniuliza, "Kaka, wewe una digrii. Imekusaidia nini?" Mama akaacha kula, akanitazama. Mimi niliyezunguka na bahasha ya kaki mwaka mzima na nusu, halafu nikaanza kuandika habari kwa kulipwa kila inapotoka (isipotoka, imekula kwako), ningesema nini mbele ya mzazi?

Nikakwepa. Nikamsimulia habari za Litowa. Hakuwa amewahi kuzisikia, na kazaliwa hapa hapa. Majimaji anaijua, kila Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Litowa, hapana.

Enzi za mkoloni, kijana wa Songea aliyetaka hela alikuwa na mlango mmoja mkubwa: mkonge. Wangoni na Wandendeule walisafiri mpaka Tanga kwenye mashamba, wakapewa namba, ndiyo hao tuliowaita manamba. Wachache waliobahatika kusoma kwa wamisionari, kama kule Peramiho, walitoka na ualimu au ufundi. Wengine wote, mkonge.

Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU waliamua kwenda kuishi na kulima pamoja Litowa. Mwanzo ulikuwa mgumu, njaa ikawarudisha nyuma, wakajipanga upya. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Baadaye Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, akaja na familia yake kuwa mshauri. Vijiji vingine vikaiga, kikazaliwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichofika vijiji 17. Kilikuwa na mashine ya kusaga na cha kupasulia mbao kilikuwa nacho. Siyo mali ya wafadhili wala ya wilaya. Ya wanakijiji.

Shule yao ilikuwa Litowa. Watoto wa vijiji vya chama walikaa pale pale, wakasoma na kulima chakula chao, chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka. Haikuwaandaa kwa ajili ya sekondari. Ukimaliza, unajifunza ufundi na kurudi katika kazi za vijiji. Hapakuwa na ule muda wa "nipo nipo tu nyumbani" ambao sisi tunaujua vizuri.

Linganisheni na Dar es Salaam miaka hiyo hiyo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, wakilalamikia pia kukatwa mshahara wakiwa katika utumishi huo. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Mimi kinachonishangaza ni kitu kidogo: waligombea makato ya mshahara ambao walikuwa na hakika utakuwepo! Leo ukimwambia mhitimu anayesubiri kuitwa usaili kwamba ataajiriwa lakini atakatwa, atauliza tu anaripoti wapi.

Machi 1967 Mwalimu akatoa Elimu ya Kujitegemea. Shule iwe na shamba, mtoto asome kwa ajili ya maisha ya kijijini. Ukiisoma huku unaijua Litowa, ni kama unasoma habari za watu unaowafahamu.

Halafu Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Mali zikachukuliwa, walimu wakatawanywa. Viongozi wa mkoa hawakupenda wanakijiji wanaojiamulia wenyewe, na wakubwa wa chama wakawaunga mkono.

Hapa ndipo ninapowaona waliopanga elimu yetu walivyochukua ganda wakaacha kiini. Elimu ya Kujitegemea ilibaki na jembe lake, likasambazwa nchi nzima. Lakini jembe halikuwa siri ya Litowa. Siri ilikuwa kwamba mtoto akimaliza, nje ya darasa kuna shamba na mashine ambavyo ni vyake na vya wazazi wake. Mashine ilipoondoka, shule ikawa shule tu. Mimi nimesoma miaka ya 2000, na jembe la shuleni nililijua kama adhabu ya kuchelewa namba.

Sitaki kuipamba sana. Ningezaliwa Litowa na kupenda vitabu nilivyovipenda, ningeiona kama jela. Kumwambia mtoto wa mkulima asiote sekondari, wakati watoto wa wakubwa wanaenda, kuna ugumu wake. Nikamwambia dogo hilo pia.

Akanisikiliza mpaka mwisho, maana anajua napenda hadithi ndefu. Kisha akauliza, "Sasa kaka, nikimaliza VETA, gereji ni ya nani?"

Jumatatu nimekwenda kumchukulia fomu. Iko mezani. Mama bado hajaigusa.