Rangi miguuni, mvule juu: fanicha za zamani za Bukura

Kuhuisha fanicha ya zamani kwa kuchanganya rangi na mng'ao wake wa awali ni kazi ya kugawa. Sehemu moja hupakwa rangi nzito inayofunika mti. Nyingine huachiwa steini yake, ile rangi nyepesi inayopenya ndani ya mbao na kuacha mishipa ionekane, pamoja na vanishi iliyo juu yake. Meza hupakwa miguu na fremu, uso ukabaki wa kahawia. Kabati hupakwa mwili, droo zikasafishwa tu na kung'arishwa. Kiti cha mikono hupakwa miguu na mgongo, mikono ikaachwa, kwa kuwa hapo viganja vya wenye nyumba vimelainisha mti kwa miaka mingi kuliko msasa wowote.

Bukura, katika nchi ya Abatsotso magharibi mwa mji wa Kakamega, ni mahali panapofaa kuianzia historia ya kazi hiyo. Nyumba nyingi za eneo hilo zina meza, makabati na makochi ya mbao yaliyorithiwa, na mbao zenyewe ni za miti ambayo leo haipatikani kwa urahisi: mvule, mukumari, mutere, na lusiola ya mipakani mwa mashamba. Suala la kuzihuisha limepata uzito mpya kwa sababu ya bei ya mbao mpya. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku hizo ziliongezwa tena na tena, na marufuku ikaondolewa Julai 2023. Mjadala uliofuata ulikuwa wa misonobari na mikaratusi, viwanda na ajira. Mbao zilizokwisha kukatwa, kukauka na kuunganishwa miaka 60 au 70 iliyopita, zikiwa zimekaa sebuleni chini ya vitambaa vya kufuma, hazikutajwa, ingawa hakuna mbao bora kuliko hizo katika kaunti nzima.

Kuweka rangi na mti mtupu katika kifaa kimoja si jambo geni katika Afrika Mashariki. Pwani, miguu ya vitanda iliyokerezwa ilipambwa kwa mikanda ya lakiri nyekundu na nyeusi, kwa ustadi uliovuka bahari kutoka India. Kijiti cha lakiri kiligandamizwa kwenye mti unaozunguka katika kerezo hadi joto la msuguano likaiyeyusha ikashika. Sehemu nyingine za kitanda zilibaki mti. Lamu ilijua kugawa kifaa kati ya rangi na mbao kabla ya kopo la kwanza la rangi ya mafuta kufika bara.

Magharibi mwa Kenya utengenezaji wa fanicha kama hizo za Bukura ulianza na misheni. Kitabu cha Levinus Painter kuhusu Wakweka wa Afrika Mashariki, kilichotoka 1966, kinaanzia mwaka 1902, Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipofika Kaimosi, kando ya msitu. Misheni yao iliitwa ya viwanda tangu mwanzo, na jina hilo halikuwa pambo. Chilson alijenga kinu cha kupasulia mbao kilichoendeshwa na maji ya kijito cha Goli Goli. Kabla ya hapo gogo lilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake shimoni, machujo yakimwangukia machoni. Kinu kilileta mbao za unene mmoja, na mbao za unene mmoja ndizo zinazowezesha droo kufunguka bila kukwama. Wamisionari wa Mill Hill walifika Mumias 1904, Waanglikana wakaanza Butere 1912. Kila kituo kilihitaji madawati, meza na makabati, na useremala ukafundishwa vituoni.

Misheni zilileta randa na tindo. Mng'ao ulikuja kwa njia nyingine. Reli ilifika Kisumu 1901, na pamoja nayo mafundi wa Kihindi waliojua shelaki, ndugu wa lakiri ile ile ya kufungia barua. Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti ya India. Magamba yake huyeyushwa kwa spiriti, kisha hupakwa kwa kitambaa kilichofunga pamba, tabaka juu ya tabaka jembamba sana, hadi mbao zing'ae kama maji yaliyotulia. Mng'ao huo ni mzuri lakini ni dhaifu: kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe, na tone la pombe huuyeyusha. Makovu hayo mawili ndiyo yanayoonekana zaidi juu ya meza kongwe.

Mafundi hao wa Kihindi ndio waliokuwa kiini cha ugomvi mkubwa zaidi katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kazi ya ufundi wa kulipwa katika Kenya ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wahindi: reli, majengo ya serikali, fanicha za mijini. Walowezi wa Kizungu waliwachukia kwa sababu za kisiasa, kwa kuwa Wahindi walidai haki sawa ya kupiga kura na ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yawe mbele. Kauli hiyo ilizima madai ya Wahindi bila kuwapa Waafrika ardhi yao. Walowezi wakashika hoja ya ufundi: Mwafrika afundishwe useremala, uashi na uhunzi, ili fundi wa Kihindi asihitajike tena. Mwaka 1924 ikafunguliwa Kabete Depo ya Mafunzo ya Ufundi kwa Wenyeji, mahali ambapo leo pana Kabete National Polytechnic. Mwaka huo huo Tume ya Phelps-Stokes, ambayo mjumbe wake mmoja alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika Mashariki na kusisitiza elimu ya mikono.

Fitina ya mpango huo ilionekana upesi. Waliotaka fundi Mwafrika walitaka fundi wa bei nafuu. Kijana aliyehitimu Kabete, akijua kuunga mbao kwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja, alidai ujira wa fundi, naye akaambiwa ni ghali. Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kulipa misheni ruzuku kwa ajili ya wanagenzi wa mkataba, na wamisionari hawakukubaliana iwapo shule ni ya roho, ya kitabu au ya msumeno. Wazazi nao waliuliza swali la haki: kwa nini mtoto wa mtawala afundishwe Kilatini na wa kwao afundishwe randa? Kuidharau kazi ya mkono, kosa ambalo leo vijana hulaumiwa kwalo, kulipandwa hapo. Useremala ulitolewa kwa Mwafrika kama mpaka wa kutovuka, na watu walijifunza kuutazama kama mpaka.

Elimu ya kweli ya mng'ao ilipita mlango wa nyuma. Kenneth King, aliyeandika kuhusu fundi wa Kiafrika katika kitabu cha 1977, anaonyesha kwamba ujuzi mwingi ulihama kutoka karakana za Wahindi kupitia wasaidizi wao Waafrika, watu ambao hakuna shule iliyowaandikisha. Katika karakana yoyote msasa na kitambaa huachiwa msaidizi, na anayeshika kitambaa ndiye anayejua siri ya tabaka la mwisho. King hukaa zaidi Nairobi na Kiambu, kwenye taa za mabati na vibebeo vya baiskeli. Inasikitisha kwamba makochi ya Bukura, Butere na Mumias hayakupata mwandishi wa kuyafuata kwa uvumilivu kama huo.

Bukura yenyewe iliingia katika historia hii kwa kilimo. Kituo cha mafunzo ya kilimo kwa wenyeji kilianzishwa katika miaka ya 1920, na baadaye kikawa chuo kilichotungiwa sheria yake mwaka 1999. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega 1931 na reli ikafika Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930, mshahara wa fedha taslimu uliongezeka, na fedha taslimu hununua kabati. Msitu wa Kakamega uliwekwa chini ya ulinzi rasmi 1933.

Kwa muda mrefu steini na rangi ziliishi katika nyumba tofauti. Rangi ya mafuta ilikuwa ya zahanati, ofisi na madirisha. Steini na vanishi vilikuwa vya sebule. Kampuni inayoitwa leo Crown Paints ilianzishwa 1958, na kopo la rangi likawa la kila duka. Baada ya uhuru, ripoti ya 1966 ya baraza la makanisa kuhusu vijana wasio na kazi ilizaa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambako useremala ulikuwa somo la lazima machoni pa jamii. Kampuni ya sukari ya Mumias ilianzishwa 1971, na malipo ya miwa yakaleta seti kamili za makochi. Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, 1985, na waraka wa serikali wa 1992 ukaitambua sekta ya jua kali, ile ya mafundi wadogo. Makochi ya sponji na mbao za kubandika yalifuata, na ya mvule yakasukumwa uani.

Mtindo wa kuchanganya umerudi kwa mahitaji na kwa kuiga. Huko Uingereza, Annie Sloan wa Oxford alianza kuuza mwaka 1990 rangi yake isiyo na mng'ao, inayoshika juu ya mng'ao wa zamani, na picha za makabati yenye sura mbili zimeenea duniani. Hata hivyo mbao za Kakamega zina tabia zake, na anayeiga picha bila kuujua mti huharibu vyote viwili, rangi na mti.

Kwanza hutambuliwa kilichopakwa zamani. Pamba yenye spiriti husuguliwa mahali pasipoonekana: kikilainika na kunata, ni shelaki. Kisipolainika kwa spiriti bali kwa tina, ni lakiri ya kisasa ya kupuliziwa. Kikikataa vyote viwili, huenda ni vanishi ya mafuta au ya plastiki. Jibu hilo huamua kila kinachofuata, kwa kuwa sehemu itakayobaki na steini haitakiwi kukwanguliwa. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, hukaushwa, na kama ni shelaki huamshwa kwa tabaka jipya jembamba la shelaki ile ile, ambalo huyeyuka na kuungana na la zamani.

Sehemu ya rangi hupigwa msasa mwepesi, si hadi mti mweupe, ila mpaka mng'ao ufe. Hapa mafundi wengi huteleza. Steini ya zamani na utomvu wa mbao zenye tanini hupenya rangi nyeupe na kuacha mabaka ya manjano wiki chache baadaye, na tabaka la pili au la tano la rangi haliyazuii. Kinachoyazuia ni pazia la shelaki isiyo na nta kati ya mbao na rangi. Mvule una kasoro yake pia: una kemikali iitwayo kloroforini inayochelewesha kukauka kwa rangi na vanishi za mafuta, na vumbi lake huwasha ngozi na kuziba pumzi, hivyo kitambaa cha pua si anasa. Rangi kongwe za mafuta huweza kuwa na risasi. Kifaa kilichowahi kupakwa hukwanguliwa kikiwa kimeloweshwa, mbali na watoto na kuku.

Mstari kati ya rangi na steini huwekwa palipo na kiungo, panapokutana mguu na uso au fremu na droo, kwa sababu kiungo ndicho mpaka alioukusudia fundi wa kwanza. Mstari unaopita katikati ya ubao mmoja huonekana kosa hata ukinyooka. Rangi hupakwa mara mbili nyembamba, na kifaa huachwa siku kadhaa kabla ya kuwekewa kitu kizito.

Upande wa chini wa meza hauguswi kabisa. Huko msumeno wa shimoni uliacha mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana, na msumeno wa duara wa kinu uliacha matao yanayofuatana. Alama za penseli za fundi mara nyingi bado zipo, na steini iliyomwagika ikakauka kabla ya kufutwa.