Umbali Ule Ule, Safari Ndefu Zaidi: Anga la Afrika na Ndege za Makaburu

Kati ya uwanja wa ndege wa Johannesburg na ule wa Heathrow, London, kuna takriban kilomita 9,070 kwa njia fupi kabisa. Ndege ya leo huzimaliza kwa saa 11 hivi. Tarakimu hizo zaweza kumtosheleza msafiri. Mimi hazinitoshelezi, kwa sababu kwa karibu miaka 30 urefu wa safari hiyo uliamuliwa na siasa.

Mei 2, 1952, ndege aina ya Comet ya shirika la Uingereza, BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ndiyo iliyoanzisha safari za kawaida za abiria kwa ndege za jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika baada ya karibu siku nzima. Vituo vyake vitatu vya Kiafrika vilikuwa katika nchi zilizotawaliwa na wakoloni. Wenyeji hawakuulizwa nani apite juu ya vichwa vyao.

Uhuru ulilibadili swali hilo. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulikwisha kutambua kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Mei 1963, viongozi waliokutana Addis Ababa kuasisi OAU waliazimia kuzifungia ndege za Afrika Kusini anga la nchi zao. Mwaka huo huo shirika la South African Airways likaanza kulizunguka bara kupitia Atlantiki, likitegemea viwanja kama Luanda, Las Palmas na, baadaye, kisiwa cha Sal. Mafuta yaliongezeka, saa zikaongezeka. Mwaka 1976 shirika hilo lilianza kutumia Boeing 747SP, ndege iliyobuniwa kwa masafa marefu. Si vigumu kuona ni kwa nini iliihitaji.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusijisifu kupita kiasi. Mashirika ya Ulaya yaliendelea kupita juu ya Afrika na kutua Johannesburg. Nayo Cape Verde, baada ya kujitawala mwaka 1975, iliendelea kuziruhusu ndege za Makaburu kutua Sal. Nchi hiyo ya visiwa vikavu ilihitaji mno mapato ya uwanja ule. Siwezi kuiita msaliti. Mshikamano usiomfidia mnyonge humtwisha yeye gharama ya wote.

Anga lilifunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa. Vikwazo hivyo pekee havikuuangusha utawala ule. Walioumwaga damu wanastahili heshima yao. Lakini mataifa machanga, mengi yakiwa hayana hata ndege za kutosha, yalimlazimisha jirani mwenye nguvu kuzunguka bara zima. Silaha yao ilikuwa sheria, na maofisa waliokuwa tayari kuandika neno moja juu ya maombi ya kupita: hapana.