Anayebisha na Anayeitikia: Hodi, Bwami na Dirisha la Kompyuta

Katika ofisi nyingi za Kamituga, mji wa wachimbaji dhahabu mashariki mwa Kongo, iwe ya ushirika wa wachimbaji dhahabu, ya shule, au kibanda cha kuchapa na kufotokopi, kompyuta moja hutumiwa na watu kadhaa. Mmoja wao akitaka kufuta folda iliyoachwa na mwenzake, dirisha dogo hufunguka na kumwambia kwa Kifaransa kwamba anahitaji ruhusa ya Administrateur, yaani msimamizi. Chini yake pana vitufe viwili, Continuer (endelea) na Annuler (ghairi). Wengi hubonyeza Continuer bila kusoma, maana siku zote ndivyo kazi inavyosonga mbele.

Mazoea haya yanahitaji kuchunguzwa. Kuomba ruhusa kuna kanuni zake, na jamii zetu zilizitafakari kwa kina kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa. Nalinganisha hapa mapokeo matatu: hodi ya Waswahili wa pwani, Bwami ya Walega ambao Kamituga imo katika nchi yao, na utaratibu wa ruhusa uliobuniwa na watengenezaji wa kompyuta. Kipimo changu ni kimoja: ruhusa ina thamani pale tu anayeitoa anapoelewa anachoombwa, na anapokuwa na nafasi ya kukataa.

Tuanze na hodi. Mgeni hapiti kizingiti mpaka aitikiwe. Hubisha, akangoja; hubisha tena; ya tatu isipopata jibu, huondoka. Adabu hii inakwenda sambamba na mafundisho ya Kiislamu: Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao bila idhini, na inawaagiza warudi wakiambiwa warudi. Hapa kimya ni katazo, na mgeni haulizi kwa nini. Tena, aliye ndani huuliza ni nani, naye mbisha hodi hujitaja.

Mwaka 1975, wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizoziweka ni hii: mfumo uanze kwa kukataa, na kinachohitaji kuthibitishwa kiwe ruhusa. Aliyelelewa Lamu au Unguja angeikubali kanuni hiyo bila kufafanuliwa. Lakini hodi ina sharti kubwa, nalo ni kuwepo kwa mtu ndani ya nyumba. Kwenye kompyuta yenye akaunti moja, anayebisha na anayeitikia ni yule yule. Hodi haituambii mtu afanye nini anapojiomba ruhusa mwenyewe.

Swali hilo Bwami inalikaribia zaidi. Walega hawakuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Heshima na mamlaka vilikaa katika Bwami, chama chenye madaraja ambayo mtu huyapanda moja baada ya jingine hadi yananio, na juu kabisa kindi. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi na Walega kwa utafiti katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu Lega Culture mwaka 1973, alieleza kwamba hakuna aliyejipandisha. Ndugu zake walitakiwa wakubali na wachange mali. Waliomtangulia walitakiwa waridhike na mwenendo wake. Kisha aliyejua mambo alimfunulia vitu vya daraja lile, vinyago na sanamu pamoja na vitu vya kawaida vya msituni na nyumbani, na kila kitu kilikuja na methali yake na ngoma yake. Lukwakongo, kinyago kidogo cha mbao, kilikuwa cha watu wa yananio; sanamu za pembe za ndovu zilihusishwa na kindi. Naye aliyefika kindi hakufika peke yake: mkewe alipanda pamoja naye na kuitwa kanyamwa.

Kwa hiyo katika Bwami elimu ilitangulia uwezo. Mtu alikabidhiwa kitu baada ya kufundishwa maana yake mbele ya mashahidi, na mashahidi hao walibaki wakimtazama maisha yake yote. Serikali ya Kibelgiji ilikipiga chama hiki marufuku mwaka 1948, na bado hakikufa. Kasoro yake nayo tuitaje wazi: kupanda kulikuwa ghali, na asiye na ndugu wengi wa kumchangia alibaki chini hata kama busara anayo.

Njia ya kompyuta ilikuwa tofauti. Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, ilimtenga mtumiaji mmoja aitwaye root, mwenye uwezo wote, na watumiaji wa kawaida. Mnamo 1980, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo, ikaandikwa programu ya sudo, inayomwezesha mtu wa kawaida kutoa amri moja kwa mamlaka ya root kisha arudi katika hali yake. Microsoft ilichelewa. Katika Windows XP ya 2001, watumiaji wengi wa nyumbani walifanya kazi zao zote wakiwa wasimamizi, na programu yoyote mbaya waliyoifungua ilipata uwezo huo huo. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ikaleta dirisha tunalolijua: hata msimamizi hufanya kazi kama mtu wa kawaida mpaka akubali waziwazi. Malalamiko juu ya wingi wa maswali yalikuwa makali, na Windows 7 ya 2009 ikayapunguza maswali hayo.

Hapa kompyuta imefikia jambo ambalo Bwami haikuwa nalo. Kindi ni kindi asubuhi na jioni. Katika sudo, mamlaka huchukuliwa kwa tendo moja na kuachwa, na mtu hukumbushwa kwamba cheo si sehemu ya mwili wake. Ni fikra ya kuheshimiwa, na ninaithamini kuliko wanaoliona dirisha hili kuwa usumbufu tu.

Ila dirisha halifundishi. Programu inapoomba mamlaka, dirisha hutaja jina la programu na la aliyeitengeneza, bila kusema ni nini kitakachobadilika au kupotea. Na tofauti ndogo za maneno huficha tofauti kubwa za matokeo. Ukifungua folda iliyofungwa, Windows huweza kukwambia ubonyeze Continuer ili upate haki ya kudumu ya kuingia humo. Asiyesoma hudhani amebisha hodi mara moja, kumbe amebadilisha orodha ya wenye haki juu ya folda hiyo, na haitarudi ilivyokuwa mpaka mtu airudishe kwa mkono.

Vilevile Windows haimtambui mwenye mali kwa jina. Humtambua kwa namba ndefu ya akaunti. Kompyuta ikiungua kwa umeme wa jenereta, na diski yake ikahamishiwa mashine mpya, folda zilizofungwa kwa ajili ya akaunti ile zitamkataa hata mwenyewe aliyeziandika, ijapokuwa amefungua akaunti mpya kwa jina lile lile. Hajaibiwa, na diski huenda ni nzima. Msimamizi wa mashine mpya anaweza kuufanya umiliki kuwa wake katika sehemu ya usalama ya folda hiyo, mradi faili hazikufichwa kwa msimbo. Lakini akifanya vivyo hivyo kwa folda ya Windows yenyewe, atakutana na mwenye mali mwingine, TrustedInstaller, ambaye kwa kawaida ana haki juu ya faili hizo kuliko hata msimamizi. Huyo aachwe: anazilinda faili ambazo zikiguswa, mashine inaweza isiwake tena.

Wakazi wa Kamituga wanamjua mwenye mali asiyeonekana. Kampuni ya MGL iliundwa mwaka 1923 na kuchimba dhahabu hapa. Mwaka 1976 ikaja kampuni nyingine, SOMINKI. Mwishoni mwa miaka ya 1990 haki za kuchimba zikaenda kwa kampuni ya Banro ya Canada. Sheria ya madini ya 2002 ikamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi na afanye kazi katika eneo lililotengwa, huku sehemu kubwa ya ardhi hii ikiwa tayari ndani ya vibali vya kampuni. Mchimbaji akaambiwa aombe ruhusa mahali ambapo hakuna wa kumwitikia. Mfano huu unaonyesha mpaka wa utii: katazo linalolinda kitu tunachokitumia sote linastahili kuheshimiwa, na katazo lisilo na mlango wa kuombea huzaa watu wanaopita dirishani.

Ndivyo inavyotokea ofisini pia. Neno la siri la msimamizi likishikwa na mkubwa anayekaa mbali, Bukavu, na asiyepokea simu, wafanyakazi watalitafuta kwa hila. Likibandikwa ukutani, halilindi chochote. Kila mtu awe na akaunti yake ya kawaida. Akaunti ya msimamizi ishikwe na watu wawili waliofundishwa, na mmoja wao awepo siku zote za kazi. Anayetaka kufuta au kuhamisha folda ya pamoja awaeleze kwa maneno yake ni nini na kwa nini, nakala iwekwe kwanza kwenye diski nyingine, na tendo liandikwe katika daftari pamoja na jina na tarehe. Programu inayoomba mamlaka kutoka kwenye flashi isiyojulikana ikataliwe.

Utaratibu huu hauhitaji fedha nyingi wala intaneti. Kutoka pwani unachukua kungoja jibu, kutoka kwa Walega unachukua kufundishwa mbele ya mashahidi, na kutoka kwa Unix unachukua kuliacha cheo kazi ikiisha. Orodha za wanaushirika, hesabu za dhahabu na matokeo ya wanafunzi ni kumbukumbu za watu ambao hawapo chumbani wakati kitufe kinabonyezwa. Anayekibonyeza anatoa ruhusa kwa niaba yao, na ni haki yao kwamba awe amesoma.