Mcheza Kwao Hutunzwa: Singeli, Madijei na Wapenzi Wao

Wahenga wamesema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii imetoka uwanjani. Mwimbaji au mchezaji anapowakosha watu, mmoja wao huinuka, humwendea kwa madaha, akambandika noti kipajini au akamtia fedha mkononi. Kutunza huko ni malipo, lakini ni ushahidi pia. Mwenye kutunza hutangaza mbele ya kadamnasi kwamba ngoma ile ni yake. Katika insha hii twataka kuitumia methali hiyo kupimia jambo lililozua ubishi mwingi katika muziki wa mjini, nalo ni hisia za wapenzi wa singeli pale madijei na waimbaji wao walipotoka vichochoroni wakapata jina kubwa.

Singeli ilizaliwa Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo kama Manzese, Tandale na Mburahati. Mzazi wake mmoja ni mchiriku, muziki wa vijana wa mjini uliovuma miaka ya 1990, wenye mizizi katika ngoma za Wazaramo, uliopigwa kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kupitia vipaza sauti vikuukuu. Mzazi wake wa pili ni taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho. Dijei alikata kipande cha taarabu kisicho na maneno, akakizungusha tena na tena katika kompyuta, akakiongezea kasi, naye mwimbaji akamwaga maneno juu yake. Mapigo ya singeli huanzia kiasi cha 200 kwa dakika, na mengine hukaribia 300.

Uwanja wa muziki huo ulikuwa kigodoro, yaani sherehe ya mtaani ya usiku kucha, aghalabu ya harusi au ya kumtoa mwali. Wenye nazo waliudharau wakauita muziki wa wahuni. Vituo vingi vya redio viliukwepa, na katika sehemu mbalimbali viongozi walipiga marufuku vigodoro kwa sababu ya kelele na ukosefu wa adabu. Hapana shaka malalamiko mengine yalikuwa ya haki, kwani hata mgonjwa na mwanafunzi wanahitaji usingizi. Lakini dharau ile iliwafunga wapenzi wa singeli kwa kamba moja. Walipenda kitu ambacho wakubwa hawakukitaka, wakakiona kuwa mali yao peke yao.

Katikati ya miaka ya 2010 mambo yakageuka. Redio za Dar es Salaam zilianza kuipigia singeli vipindi vizima. Waimbaji kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba wakajulikana nchi nzima. Mwaka 2016 Profesa Jay, msanii mkongwe wa bongo fleva, alimshirikisha Sholo Mwamba katika wimbo Kazi Kazi. Wapenzi wakagawanyika. Wapo waliofurahi kuona kijana wa uswahilini akiheshimiwa. Wapo pia walionung'unika kwamba singeli ya redioni imepunguzwa kasi na kusafishwa maneno, hata imepoteza ukali wake. Hao walikumbusha kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.

Mwaka uliofuata ulifunguka mlango mwingine. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliobeba kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Baada yake Bamba Pana, Jay Mitta na Duke wakatoa albamu zao, na mwaka 2022 kijana DJ Travella akatoa Mr Mixondo. Madijei hao wakaitwa kupiga katika matamasha ya Ulaya.

Hapa yatupasa kutazama kwa makini. Katika kigodoro, anayetunzwa ni mwimbaji. Watu humsikiliza akisifu, akichamba na kusimulia shida za mtaa, na dijei hukaa nyuma ya mashine zake. Ulaya mambo ni kinyume. Msikilizaji wa huko hajui Kiswahili, hivyo linalomkosha ni pigo lenyewe, na jina linaloandikwa juu ya tangazo ni la dijei. Singeli moja, basi, ikapata hadhira mbili zinazosikia vitu viwili. Mpenzi wa nyumbani anaposhangaa kuona asiyemjua akishangiliwa ugenini, tusimwite mwenye kijicho. Amegundua kwamba nusu ya ngoma yake, ile ya maneno, haikusafiri.

Je, historia yatufundisha nini? Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo maskini, aliimba mbele ya mabwana wakubwa wa Unguja, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Lakini hakuacha kuwaimbia watu wa mtaa wa Ng'ambo, kwa Kiswahili chao na juu ya mambo yao. Umaarufu haukumwondoa kwao kwa sababu aliendelea kucheza kwao. Kipimo hicho ndicho tunachokipendekeza. Tusimwulize dijei amefika wapi. Tumwulize kama mtaa uliomlea bado unamsikia na unapata fungu.

Tena tuwe waadilifu. Mpenzi alalamikaye kwamba wageni wamechukua singeli akumbuke kwamba madijei wake nao walichukua vipande vya taarabu, mara nyingi bila idhini ya waliovipiga. Nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Haki tunayoidai kwa wageni yatubidi kuwapa kwanza wapiga fidla na wapiga kinanda wetu.

Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni ili ngoma zilizodharauliwa na wakoloni zipate heshima. Singeli ilidharauliwa nasi wenyewe, kisha tukaanza kuitazama upya iliposifiwa nje. Walimu na wanafunzi wanaweza kuzuia kosa hilo lisirudiwe. Nendeni mkawaulize waliokuwa vigodoroni: nani alipiga, nani aliimba, kipande hiki kilitoka katika taarabu ipi. Andikeni majina yao wangali hai. Kufanya hivyo nako ni kutunza.