Sukari, Presha na Pumu Hazijui Krisi: Vile Utamaliza Desemba Ukiwa Fiti

Krisi moja huko ocha, anko wangu aliamka akiongea vitu hazieleweki. Jasho inamtoka, mikono inatetemeka, anakasirikia kila mtu. Usiku alikuwa amekunywa, kwa hivyo sisi wote tukasema ni keroro ya jana haijaisha. Tukamwambia arudi akalale. Ni shosh ndiye alikumbuka huyu msee ako na sukari, na hakuwa amekula tangu jana mchana. Akapewa soda, akainywa pole pole, na baada ya muda akaanza kuuliza mbona tumemzunguka. Tungemwacha alale, pengine hii stori ningeiandika tofauti.

Desemba ni noma kwa mtu ako na ugonjwa wa kudumu. Saa za kula zinachanganyikana, usingizi ni kidogo, na kliniki nyingi zinafungwa sikukuu. Kama ni wewe, ama ni mathe ama fathe wako, soma hii kabla mfunge begi.

Kabla usare

Hesabu dawa. Chukua ya siku zote utakuwa huko, na uongeze ya wiki moja juu, maana Desemba fare inaweza kupanda na mkwame ocha. Hii ni kwa wote: sukari, presha, kifafa, ARV. Kliniki yako ikijua unasafiri, mara nyingi inaweza kukupea ya muda mrefu. Uliza mapema, si tarehe 24.

Piga picha ya pakiti za dawa na kadi yako ya kliniki, uweke kwa simu. Begi ikipotea, daktari wa huko atajua pa kuanzia. NHIF ilishaenda, kwa hivyo piga *147# uone kama SHA yako iko sawa.

Kwa mat

Dawa inakaa na wewe mapajani. Si kwa buti, si kwa keria. Insulini haipendi joto, na pia haipendi kugandishwa. Usiiweke friza, na usiilaze juu ya barafu moja kwa moja. Chupa haijafunguliwa inakaa kwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Ile unatumia, aina nyingi zinavumilia kama wiki nne nje ya friji mradi joto isipite nyuzi 30. Ocha hakuna friji? Ifunge kwa plastiki isiingie maji, uiweke kwa chombo ndani ya mtungi wa udongo, mahali pa kivuli.

Sukari: chapo si adui pekee

Watu huogopa sukari kupanda, na ni kweli, chapo nne na soda mbili zitaipandisha. Dishi, lakini anza na mboga na nyama, halafu chapo moja. Kama unapima, usiache kupima juu ni sherehe.

Ile watu husahau ni sukari kushuka. Ukiwa na njaa, ini ndiyo hutoa sukari kwa damu. Ukikunywa pombe, ini inakuwa bize na pombe. Kama unatumia insulini ama tembe kama glibenclamide, sukari inaweza kuanguka masaa mengi baadaye, hata asubuhi. Na mtu akishuka, anakaa kama amelewa. Hapo ndipo wengi hupotea.

Sukari ikiwa chini ya 4, ama dalili zikianza na hakuna kifaa cha kupima: nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile ya ziro, ama vijiko 3 hadi 4 vidogo vya sukari kwa maji. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ukipata nafuu, kula chakula kamili. Mtu akizirai usimtilie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Na ile form ya kuacha dawa ndio ukunywe, wachana nayo. Ni afadhali uache chupa.

Presha

Presha haina kelele. Unaweza kujiskia poa na iko juu. WHO inasema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo kimoja, na hiyo inahesabu ya smokie, krisps na kyubu za mchuzi. Kwa choma, ile chumvi ya pembeni ya ubao iache hapo, tumia ndimu na pilipili. Chunga pia dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Zinaweza kupandisha presha na kusumbua figo.

Pumu na seli mundu

Ako na pumu? Kaa mbali na moshi wa kuni na wa choma, na inhela ya kutuliza iwe mfukoni, si kwa begi kule chumbani. Ile ya kuzuia, tumia kila siku hata kama uko sawa.

Seli mundu: kunywa maji, vaa vizuri usiku, epuka pombe. Kama ocha ni Kisumu, Siaya, Busia ama Homa Bay, neti na dawa ya kuzuia malaria si hiari.

Umesahau dozi?

Usimeze mbili pamoja kufidia. Soma karatasi ya pakiti ama pigia kliniki.

Hospitali sai, si kesho

- Kifua kinauma ama pumzi imekatika
- Mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki
- Presha imefika 180 kwa 120, na kichwa kinauma vibaya ama macho yanaona ukungu
- Inhela haisaidii, ama hawezi kumaliza sentensi
- Ako na sukari na anatapika bila kukoma
- Ako na seli mundu na amepata homa

Mwisho, ambia mtu mmoja huko nyumbani ugonjwa wako na dawa zako ziko wapi. Kasa, shosh, yeyote ule hakunywi. Anko wangu hakuokolewa na daktari. Aliokolewa na mtu alijua.