Karatasi ya Bibi wa Kilosa

Juma lililopita nilipanda basi kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Kando yangu aliketi bibi wa miaka 60 na ushei. Tulipozoeana alifungua fundo la khanga akanionyesha karatasi. "Soma, mwanangu. Mimi nilikwisha pimwa kansa ya mlango wa kizazi. Ni mzima." Karatasi ilikuwa ya miaka minne nyuma, na haikuandikwa arudi lini. Kisha, kwa kuwa sote ni wanawake, akashusha sauti: miezi miwili sasa anaona matone ya damu, ilhali hedhi ilikoma zamani. Hakuwa na wasiwasi. Karatasi anayo.

Kipimo hiki kina historia yake. Mwaka 1928 daktari Mgiriki aliyehamia Marekani, George Papanicolaou, alieleza kwamba chembechembe kutoka ukeni zikitazamwa kwa hadubini huweza kufichua kansa. Wenzake hawakumjali sana mpaka 1943, alipotoa kitabu pamoja na Herbert Traut. Katika nchi tajiri vifo vilipungua mno, lakini siri ilikuwa kurudia. Kipimo kimoja huwakosa wengi. Cha pili na cha tatu huwanasa. Na hata huko mambo huharibika. Vicky Phelan wa Ireland aliambiwa mwaka 2011 kwamba yu salama, akakutwa na kansa 2014, akafariki 2022.

Kwetu wasomaji wa hadubini ni wachache, ndipo ikaja siki. Muuguzi huipaka, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kwa macho panapogeuka peupe. Ni rahisi, na majibu ni papo hapo. Kule Mumbai, India, utafiti wa wanawake wapatao 150,000 ulionyesha mwaka 2013 kwamba siki ilipunguza vifo kwa asilimia 31. Lakini wale walipimwa kila baada ya miaka miwili! Katika jimbo hilo hilo, wilayani Osmanabad, siki ya mara moja tu haikuleta nafuu ya kutegemewa, ambapo kipimo cha virusi vya papiloma, nacho mara moja tu, kilipunguza vifo kwa karibu nusu. Hayo yalitangazwa 2009. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri kipimo cha virusi ndicho kitangulie.

Siki ina ila nyingine. Peupe si lazima iwe kansa, na wapo wanaotibiwa mabadiliko ambayo yangepona yenyewe. Tena kwa mwanamke aliyekoma hedhi, sehemu inayotakiwa kutazamwa hurudi ndani, jicho lisiione. Bibi yule alipimwa akiwa na wajukuu tayari. Nani alimweleza hayo?

Zaidi ya yote, vipimo hivi ni vya mtu asiye na dalili. Anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma anahitaji daktari amchunguze, hata kama ana karatasi kumi.

Nilimwambia hivyo huku kondakta akipiga kelele za nauli. Aliitazama karatasi yake kwa muda.

"Sasa hii ni ya nini?"

"Ni ya siku ile, bibi."

Mikumi niliteremka naye tukaelekea hospitali. Basi langu la Iringa likaniacha.